Kupanga mechi ya bastola ya klabu yenye kipimo cha nguvu: anza na risasi, steji baadae

Mechi ya kwanza niliyopanga niliandika kwa maringo kabisa kwenye tangazo "risasi zote ziwe na nguvu ya 125 kwenda juu", watu wakaja, tukapiga, tukatangaza washindi, na hakuna risasi hata moja iliyopimwa maana kronografu yenyewe, kile kifaa cha kupima mwendo wa risasi, hatukuwa nayo. Jamaa aliyeshika nafasi ya pili akanivuta pembeni akaniuliza kwa upole, hivi yule wa kwanza bastola yake mbona haimpigi teke kabisa? Nikakosa jibu. Kuanzia siku hiyo msimamo wangu ni mmoja, sharti la nguvu ambalo huwezi kulipima usiliandike, na ukishaliandika basi steji zako, yaani vituo vya kupigia, uzipange mpaka hiyo nguvu iwe na kazi, sio iwe pambo la kwenye tangazo.

Hapa naongelea mechi ndogo ya klabu, watu 20 mpaka 40, siku moja, uwanja wenye matuta ya udongo. Mambo ya leseni, vibali na sheria za nchi yako sitayagusa, hayo unatakiwa uwe umeshayamaliza kabla hata ya kununua kadibodi za shabaha.

Hiyo nguvu ni nini hasa

Huu mchezo wa bastola ya vitendo ulipopata chama chake cha dunia, IPSC, pale Columbia, Missouri mwaka 1976 chini ya Jeff Cooper, waliweka kaulimbiu ya Kilatini ya maneno matatu, usahihi, nguvu na kasi. Hilo neno la katikati ndo linatusumbua leo. Wazo lao lilikuwa kwamba mtu anayepiga risasi nzito inayomrusha mkono asishindane sawasawa na mwenye risasi nyepesi laini kama mchezo wa watoto, kwa sababu yule wa kwanza anabeba mzigo mkubwa zaidi wa kuirudisha bastola kwenye shabaha.

Kipimo chenyewe kinaitwa pawa fakta. Unachukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greini, unazidisha na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, unagawa kwa 1000, basi. Kichwa cha greini 124 kikienda futi 1050 unapata 130.2. Greini 147 kwa futi 900 ni 132.3. Greini 180 kwa futi 950 ni 171. Kama kifaa chako kinasoma mita zidisha kwa 3.28 upate futi, na kama mizani yako ni ya gramu, gramu moja ni greini 15.43. Hakuna kukadiria kwenda juu hapa, 124.9 ni 124.9, haiwi 125 hata mwenye risasi awe shemeji yako.

Chini kabisa, yaani maina, kote ni 125. Juu, yaani meja, inategemea unafuata kitabu gani, kwa USPSA, chama cha mchezo huu cha Marekani, ni 165, kwa IPSC divisheni (yaani kundi la aina ya bastola) ya Standard ni 170 na Open ni 160. Wewe chagua kitabu kimoja ukiandike kwenye tangazo na usichanganye, mana mtu atakuja na risasi za 166 akwambie yeye ni meja na mwenzake atakwambia sio, na wote wawili watakuwa sahihi.

Amua kwanza unataka nguvu ifanye kazi gani

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuweka sakafu tu, kila risasi ifike 125 na kila mtu ahesabiwe kama maina, kama divisheni ya Production, ya bastola za kiwandani, inavyofanya. Ya pili ni kuwa na meja na maina ndani ya divisheni moja, ambapo wa meja anapewa pointi zaidi akikosa katikati.

Klabu changa ianze na sakafu tu. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wana milimita 9, na ukiweka tuzo ya meja kuna mtu atajaribu kuifikisha milimita 9 ya kawaida kwenye 165 kwa kuongeza baruti, na hiyo ndo njia fupi ya kupasua bastola mkononi. Presha inayotakiwa hapo sio ya bastola ya kawaida. Kwaiyo hata ukija kuweka meja, andika wazi kwamba milimita 9 itahesabiwa maina tu, isipokuwa bastola za Open zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. IPSC yenyewe kwenye Standard haikubali meja chini ya milimita 10 kipenyo cha risasi, wana sababu zao.

Na upande wa pili wa sarafu upo pia. Ukiweka sakafu, wanaojijazia risasi wenyewe watajaribu kukaa juu ya mstari kwa unywele mmoja ili teke liwe dogo. Greini 124 kwa futi 1010 inakupa 125.2, umepita, sawa, alafu asubuhi ya mechi kuna baridi, mwendo unashuka futi 20 tu na umeshafika 122.8, umekwisha. Waambie kwenye tangazo walenge 130. Pia baruti ikizidi kuwa kidogo kichwa kinaweza kukwama ndani ya mtutu, unasikia mlio wa ajabu kama kikohozi, pff, na mpigaji akiwa na spidi zake anavuta triga tena. Msimamizi wa steji akisikia mlio huo anapiga kelele ya kusimamisha hapo hapo bila kufikiria, akikosea atampa mtu nafasi ya kurudia, akipatia ameokoa vidole.

Pointi zinavyofanya kazi, maana bila hii huwezi kupanga steji

Kadibodi ina kanda tatu. A, ya katikati, ni pointi 5 kwa wote. C ni 4 kwa meja na 3 kwa maina. D ni 2 kwa meja na 1 kwa maina. Kukosa kabisa ni kutoa 10, kugonga shabaha ya adhabu, ile isiyotakiwa kupigwa, ni kutoa 10, kukiuka utaratibu wa steji ni kutoa 10. Jumla ya pointi unagawa kwa muda, ukipata hiti fakta, aliye na hiti fakta kubwa kwenye divisheni anachukua pointi zote za steji na wengine wanapata asilimia yao kulingana na yeye.

Sasa angalia. Steji ina kadibodi 8, kila moja risasi 2, hizo ni 16, pointi za juu kabisa 80. Mtu anapiga A 12 na C 4 kwa sekunde 10. Akiwa meja ana 76, hiti fakta 7.6. Akiwa maina kwa mashimo yale yale ana 72, hiti fakta 7.2. Ili amfikie wa meja ilibidi amalize kwa sekunde 9.47, yaani anatakiwa awe na haraka ya nusu sekunde hivi, kitu ambacho teke dogo la maina linaweza kabisa kumpa. Hiyo ni steji yenye usawa.

Steji hiyo hiyo sogeza kadibodi nyuma, ziba nusu ya zile kanda, watu waanze kupata A 6, C 8 na D 2. Meja anabaki na 66, maina anashuka hadi 56. Pengo limekuwa asilimia 15, na hakuna mtu wa milimita 9 atakayekimbia asilimia 15 zaidi. Na kinyume chake, weka kadibodi zote mita 5 mbele ya pua, kila mtu anapata A tupu, meja hana faida yoyote zaidi ya kuumia mkono.

Kwa hiyo umbali na ugumu wa shabaha ndo vinaamua nguvu ina thamani gani, kile kitabu kinakupa namba tu. Mimi nafanya hivi, steji ikishasimama nampa mtu mmoja wa kiwango cha kati aipige, alafu karatasi yake naihesabu mara mbili, mara ya kwanza kama meja na mara ya pili kama maina. Pengo likiwa chini ya asilimia 2 naongeza ugumu, likizidi 10 nalegeza. Hizo namba ni zangu mwenyewe, hazipo kwenye kitabu chochote, lakini zimenisaidia kupunguza kelele za watu wa milimita 9.

Steji zenyewe

IPSC wana steji fupi isiyozidi risasi 12, ya kati isiyozidi 24, na ndefu isiyozidi 32, na wanapendekeza uwiano wa 3 kwa 2 kwa 1. Ukizijaza zote sita unafika risasi 116, kwa klabu inatosha sana, na kama muda ni mdogo punguza uchukue mbili fupi, moja ya kati na moja ndefu, watu wataondoka wamefurahi. Kutoka sehemu moja ya kusimama usimlazimishe mtu kupiga zaidi ya risasi 9, ukitaka risasi nyingi mtembeze.

Usimpangie mpigaji kila hatua. Huu mchezo utamu wake ni mtu kutatua fumbo mwenyewe, wewe weka kuta, madirisha na mistari ya makosa chini, ile asiyotakiwa kuivuka, alafu mwambie tu anzia hapa, piga shabaha unavyoziona ukiwa ndani ya mstari. Nimeona karatasi za maelezo zenye nusu ukurasa, kwanza piga ile ya kushoto, badili magazini, rudi nyuma hatua mbili, yaani mtu anapoteza pointi kwa kusahau shairi sio kwa kukosa shabaha. Kama unataka watu wabadili magazini pale kati, basi weka shabaha nyingi kuliko magazini inavyobeba, watabadili wenyewe.

Mchanganyiko ninaoupenda ni theluthi ya shabaha karibu, mita 3 mpaka 7, ambapo kasi inalipa, theluthi mita 10 mpaka 15 zikiwa zimezibwa kidogo na rangi nyeusi au shabaha ya adhabu, na zilizobaki mita 20 kwenda mbele, hapo ndo mtu anavuta pumzi. Shabaha ya adhabu usiipachike kila mahali kama chumvi. Moja iliyowekwa vizuri juu ya kadibodi ya mita 12 inamfanya mtu afikirie, tano zinamfanya akukasirikie.

Alafu chuma. Popa, zile shabaha za chuma zinazoanguka zikigongwa, ni rafiki wa sharti la nguvu kwa sababu zenyewe zinapima, risasi dhaifu haziangushi. Lakini lazima uziweke sawa asubuhi kwa bastola ya milimita 9 na risasi iliyopimwa ya karibu 125, unapiga popa kila moja kwenye duara lake la juu ianguke, isipoanguka unalegeza boliti, ikiangushwa na upepo unakaza. Wakati wa mechi mtu akigonga popa isianguke ana hiari, aendelee kuipiga mpaka ilale, au aiache imesimama na kudai ipimwe. Akidai, hakuna anayeigusa, mnaenda na ile bastola ya kupimia, mnapiga kutoka pale alipopigia, ikianguka amekosa, isipoanguka anarudia steji. Zile risasi za kupimia zifungie kwenye boksi lake lenye maandishi makubwa, sisi mwaka mmoja kuna mtu alizipiga mazoezini akidhani ni za kwake.

Chuma chochote mpigaji asikikaribie chini ya mita 7, na mstari wake wa kosa chora mita 8 ili akiteleza bado awe salama. Chuma chenye mashimo au kilichopinda kiondoe, vipande vinarudi. Miwani na vya kuziba masikio kwa kila aliyepo, hata yule aliyekuja kuangalia tu.

Pembe

Kabla sijaweka shabaha yoyote natembea steji nimenyoosha kidole kama bastola. Mdomo wa bastola hautakiwi kupita nyuzi 90 kutoka mbele, kushoto wala kulia, na kazi yako kama mpangaji ni kuhakikisha steji haimtegi mtu avuke. Shabaha iliyojificha pembeni ya ukuta inayoonekana vizuri ukishaipita, huo ni mtego. Mlango unaofunguka kwa kuvutwa na mkono ulioshika bastola, mtego. Kurudi nyuma kwa kukimbia, mtego mkubwa. Mtembeze pia mtu wa mkono wa kushoto, mana steji iliyo salama kwa mkono wa kulia inaweza kumgeuza yeye vibaya anapobadili magazini akiwa anakimbia. Na ukitembea, tembea ukiwa mfupi na ukiwa mrefu, piga magoti kabisa, uone risasi inayopita juu ya kadibodi inaishia wapi. Iishie kwenye tuta. Ikiishia hewani hamisha shabaha, hakuna mjadala.

Siku ya kupima

Kronografu iwe ni kituo kama steji nyingine, kila skwadi, yaani kikundi cha wapigaji, inapita hapo katikati ya siku. Risasi za kupima zichukuliwe kwenye mkanda wa mtu akiwa anapiga steji fulani, bila taarifa, kwa sababu ukiwaambia walete wenyewe utaletewa risasi za sherehe. Unachukua 8, unazitia kwenye kifuko chenye namba yake.

Ya kwanza unaivunja kwa nyundo ya kung'olea kichwa, unapima kichwa kwenye mizani ambayo asubuhi umeijaribu na jiwe la uzito unaojulikana. Tatu zinapigwa kwa bastola yake mwenyewe, narudia, yake mwenyewe, mtutu mrefu na mfupi hautoi mwendo mmoja. Unachukua wastani. Akipita kwaheri, nenda steji. Asipopita unapiga 3 nyingine na kuchukua zile 3 zenye kasi zaidi kati ya 6. Bado? Imebaki moja, achague mwenyewe, ivunjwe kichwa kipimwe uzito kwa matumaini kuwa kizito zaidi, au ipigwe kwa matumaini ya mwendo. Aliyejiandikisha meja akishindwa anashuka maina kwa mechi nzima. Aliyeshindwa hata 125 anaweza kuendelea kupiga lakini jina lake halipo kwenye matokeo. Inauma, najua, nimewahi kumwambia hivyo mtu aliyeendesha gari saa sita kuja.

Kifaa cha vihisi vya mwanga kina tabia zake, jua likiwa kali au wingu likipita kinasoma maajabu, kiweke kivulini chini ya turubai na umbali wa futi 10 kutoka mdomo wa bastola, usikisogeze siku nzima. Vya rada havina shida hiyo. Kila saa piga risasi chache za kiwandani unazozijua mwendo wake, namba zikihama kuliko kawaida simamisha ujue kuna nini. Ukishindwa kuazima kronografu yoyote basi usidanganye watu, andika "risasi za kiwandani tu", popa zitakusaidia kidogo, na meja isahau mpaka mwakani.

Zamani kabla hivi vifaa havijapungua bei walikuwa wanapiga bamba la chuma linaloning'inia na kuangalia limebembea mpaka wapi. Kuna mzee kila mwaka anapendekeza turudie hiyo. Hapana mzee.

Wakati watu wanapiga

Skwadi ya watu 8 mpaka 10, kila steji wasimamizi wawili, mmoja na taima macho kwenye bastola, mwingine anaandika na kuangalia miguu na mistari. Bastola zote uwanjani ni tupu na ziko kwenye holsta mpaka msimamizi atoe amri. Amri huwa za Kiingereza zile zile dunia nzima, usizibuni za kwako ili mgeni akija asipotee, na kati ya amri ya kusubiri na mlio wa taima acha sekunde 1 mpaka 4 zisizotabirika. Meza ya usalama ya kushikia bastola tupu iwepo, na hapo hakuna kugusa risasi hata ya bandia.

Mambo ya kumtoa mtu mechi wasomee wote asubuhi kwa sauti, kuvuka nyuzi 90, kudondosha bastola, risasi kutoka bila kukusudia, kidole kwenye triga wakati wa kutembea au kubadili magazini, kuelekeza mdomo kwenye mwili wa mtu ukiwemo wa kwake. Mechi ya klabu ndo ngumu zaidi hapa kwa sababu wote ni marafiki, na ukimsamehe mmoja leo kesho huna sheria.

Pointi ziandike kwenye PractiScore, ile programu ya kuhesabia pointi, lakini karatasi iwepo pembeni, betri hazina urafiki. Mpigaji aone mashimo yake kabla hayajabandikwa stika, akishakubali imekwisha. Matokeo ya mwanzo yatundike na safu ya pawa fakta ya kila mtu ikiwa wazi pembeni ya jina, sio siri, hii peke yake inamaliza nusu ya minong'ono. Toa saa moja ya malalamiko. Saa hiyo wengine waokote maganda na risasi nzima zilizoanguka kwenye nyasi, wahesabu popa, na ile bastola ya kupimia irudi kwenye boksi lake na risasi zake, ukizihesabu mwenyewe.